Mbuzi wa Korongoni

Jumatatu, 8 Desemba

Redio imetangaza: hesabu ya mifugo imeanza, kila kichwa kitalipiwa kodi. Aha! Serikali gani imewahi kumhesabia mfugaji ili impe kitu? Mifugo ya babu ilihesabiwa. Mwaka uliofuata yote ikachukuliwa na ushirika wa serikali. Mimi si babu. Nimeficha mbuzi sitini korongoni, nyuma ya kilima. Mke wangu Yadmaa amesema theluji inakuja. Nimemwambia hizo ni siasa.

Jumatano, 10 Desemba

Amekuja Tsermaa, karani wa hesabu, mama wa miaka sitini, na pikipiki yake. Tumebadilishana ugoro, amekunywa chai ya chumvi bakuli tatu. Nikafungua zizi. Wanyama wametoka mbio, mvuke, kwato, pembe! Hakuchezesha hata mdomo. "Mia mbili na kumi na nne." Sawasawa kabisa! Mimi nikihesabu mara tatu hupata majibu manne.

Kisha akalitazama zizi. "Samadi hii ni ya mbuzi wengi kuliko hawa, mdogo wangu." Nimesema mbuzi wangu wanakula vizuri. Ameandika. Sijui ameandika nini.

Ijumaa, 12 Desemba

Balaa! Jirani yangu Choijil, yule mjinga aliyetaja hata kondoo wake kilema, amepewa na serikali nyasi kwa kila kichwa kilichoandikwa. Eti baridi ya mwaka huu itaua. Amepita makusudi mbele ya hema langu. "Gombo! Wewe umepata za wangapi?" Mshenzi.

Jioni theluji. Imefika magotini. Korongo, jamani!

Jumapili, 14 Desemba

Jana kutwa tufani ya theluji, sikuona hata mkono wangu. Nimetoka mara mbili kwenda korongoni, nimerudi mara mbili kwa kufuata kamba niliyoifunga hemani. Yadmaa ameninyima chai.

Leo kumetulia. Dunia yote nyeupe, kimya, nimeogopa hata kukohoa. Halafu, kutoka kwenye weupe ule, mstari mweusi. Mbuzi! Mmoja nyuma ya mwingine. Mbele Choijil na farasi wake wakikanyaga njia. Nyuma Tsermaa kwa miguu, barafu kwenye nyusi. Alikuwa amewaona tangu Jumatano, akirudi kwa njia ya kilimani.

"Sitini na mmoja," amesema. Nimebisha: sitini! Tumehesabu. Sitini na mmoja. Mama huyu ni mtu kweli?

Nimeuliza faini ni kiasi gani. "Babu yangu walimchukulia mpaka farasi wa kupanda," amesema. "Najua kwa nini unaficha. Lakini safari hii ungewaua wewe, si serikali." Kumbe aliwaandika siku ileile. Nyasi zao ziko njiani. Machozi yamenitoka. Upepo tu.

Jumanne, 16 Desemba

Nimeapa mbele ya Yadmaa: sifichi tena kitu. Mchana redio imesema mbwa wote waandikishwe, wapate chanjo bure.

Bure!

Yadmaa amenitazama. Nimemwambia natoka kidogo, namtembelea shemeji. Mbwa wamenifuata wenyewe.