Baba Mdogo Anunua Kampuni ya Ujenzi

Baba mdogo amewahi kuwa tajiri! Alikuwa tajiri kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa nne na robo, na mimi ni shahidi.

Alikuwa amestaafu ukarani wa stoo. Nusu ya kiinua mgongo mama mdogo aliikalia: hiyo ni ya kuezeka nyumba, asiiguse mtu! Nusu nyingine baba mdogo akaitia kwenye kampuni ya ujenzi iliyokuwa hoi kwa madeni. Akapewa hisa chache na kofia ngumu ya njano.

"Kampuni yenyewe inadaiwa mpaka kamba za kupimia," mama mdogo alilalamika.

"Ndiyo maana nimeipata rahisi! Wawekezaji wakubwa huingia wakati wengine wanakimbia."

"Na hao wengine wanakimbia nini?"

Baba mdogo akafungua kabati. Alikuwa anatafuta tai.

Nikamsindikiza hadi kwenye jengo la kampuni. Lilikuwa limekwama ghorofa ya pili, nondo zimechomoza juu, na mafundi saba wamekaa juu ya matofali bila kazi. Baba mdogo akapanda rundo la kokoto, akakohoa.

"Kuanzia leo mwenye kampuni ni mimi! Mwenye shida yoyote aje kwangu!"

Mafundi wakapiga makofi. Kumbe nyuma ya lori alikuwepo muuza saruji, wiki ya pili anamvizia mkurugenzi ambaye simu yake haipatikani. Akaja mbio, karatasi mkononi.

"Shikamoo, bosi! Afadhali umejitokeza. Hili ni deni la saruji."

Nikamvuta baba mdogo koti. "Mwambie una hisa chache tu!" nilimnong'oneza.

Angeanzaje? Mafundi saba wanamtazama! Akachomoa kalamu kwa madaha.

"Saini hapa, bosi. Na hapa andika kwamba utalipa wewe mwenyewe."

"Mimi mwenyewe, nani mwingine?" akajibu kwa sauti, ili hata fundi wa mwisho asikie.

Akasaini. Halafu, kama kawaida ya wakubwa, ndipo akasoma. Nilimwona akihesabu sifuri kwa kidole, akarudia, kisha akakaa taratibu juu ya kokoto, na suti yake mpya. Fedha za kuezekea zilikuwa hazifiki hata nusu ya deni!

"Hii sifuri ya mwisho ni ya kweli?" akauliza.

"Ya kweli, mzee," akajibu muuza saruji. Ubosi ulikuwa umeshakwisha.

Nilimhurumia, jamani. Lakini aliyemwokoa ni mama mdogo, ambaye alikwenda dukani kwa muuza saruji akabishana naye kutwa nzima. Fedha za bati zikanusurika. Deni litalipwa kwa jasho la baba mdogo: kubeba mifuko kwenye stoo ya muuza saruji, miaka mitatu.

Juzi nilimkuta pale mlangoni, mweupe kuanzia nyusi mpaka viatu. Jirani mmoja alikuwa anapita.

"Mwekezaji! Kampuni inaendeleaje?"

"Vizuri sana!" baba mdogo akajikung'uta. "Kwa sasa nalichunguza soko la saruji kwa ndani. Tena hapa nilipo nasubiriwa kikaoni."

Sauti ya muuza saruji ikatoka ndani:

"Kikao gani, mzee? Leta toroli!"