Malalamiko Kuhusu Ndoo ya Mti wa Krismasi

Mniko Bernado,
Kigera, Musoma.

Kwa Mama Yunis,
Mwenyekiti, Kamati ya Mapambo ya Kanisa.

YAH: KUPOKONYWA KAZI YA KUFUNIKA NDOO YA MTI

Shikamoo Mama Mwenyekiti. Natumaini goti limepoa. Mimi mwili mzima, moyo ndio unauma.

Mama, Majilio yalipoanza ulisema mti ni mzuri, ila ile ndoo ya rangi ulimosimikwa inatia aibu, Mniko tafuta cha kuifunika. Hukusema kitambaa. Ulisema cha kuifunika. Mimi nimefika kidato cha pili, maneno huwa nayasikilizaga vizuri. Sasa nasikia kazi kapewa Onesmo. Nalalamika hivi:

1. Wavu wa dagaa. Niliutoa kwa mjomba kule Kiriba, nikauzungusha kwenye ndoo kwa mikunjo ambayo hata fundi cherehani angeniamkia. Mkasema unanuka. Wavu wa dagaa, Mama, mlitaka unuke nini? Mitume nao walikuwa wavuvi, na sijasoma mahali walipoambiwa wakae nje. Kuhusu paka, ni kweli walijaa. Lakini waliwahi ibada kuliko kwaya.

2. Pamba. Nilienda Bunda mwenyewe kuiomba, nikaimwaga chini ya mti iwe theluji kama ya kwenye kadi. Ilipendeza mpaka Mzee Mwandu, mkulima wa hukohuko Bunda aliyekuja kumtembelea mwanawe, akaipigia magoti. Tukadhani anasali. Kumbe anatenganisha safi na chafu. Akaniambia mbele za watu kwamba kijana anayemwaga pamba watu waikanyage hajawahi kupalilia hata mstari mmoja. Ukacheka, Mama. Nilikuona.

3. Ngozi ya ng'ombe. Hapa naomba utulie. Ni ngozi ya nyumbani kwetu Butiama, laini, ya madoa, niliyopewa na Bibi Rhobi kwa moyo mweupe. Niliitandika, ndoo ikameza aibu yake. Kosa langu liko wapi ikiwa Mzee Clementi na wenzake, walipoona ngozi imetandikwa mbele, walijua wametandikiwa wao? Kwetu ngozi ikitandikwa, mzee hapiti. Wakakaa, wakaegemea ndoo. Akina mama walipoleta zawadi za watoto kuziweka chini ya mti, wakakuta wazee. Nani angemruka mzee? Wakapiga goti, wakazikabidhi kwa mikono miwili. Wazee wakabariki, wakaondoka nazo. Mzee Clementi ana mdoli mpaka leo, anasema zawadi haidaiwi. Lakini sema kweli, Mama: ni lini wazee hao walikaa kanisani mpaka matangazo yakaisha?

4. Kitambaa cha Onesmo. Chekundu, cha dukani, kimekaa pale hakuna anayekigeukia. Wala paka.

Kwa hiyo naomba ngozi itolewe stoo, mti urudi kwangu, wazee wahesabiwe kuwa sehemu ya mapambo, na siku ya Krismasi jina langu litangazwe kwa sauti. Hilo la mwisho ndilo kubwa. Bibi anakuja kuona mti wa mjukuu wake. Nimemwambia kwenye simu kwamba Musoma nzima inanijua kwa mti huo, naye kaiambia Butiama nzima. Akikuta kazi ya Onesmo, uso nitauweka wapi?

Nisalimie Baba Yunis, Katekista na kamati yote. Onesmo naye msalimie, ila kwa kifupi.

Wako katika mapambo,
Mniko Bernado

N.B. Sijafunga bahasha, Bibi kafika. Kawahi. Hajaulizia mti, anaulizia ngozi yake aliyokuwa akiilalia, iliyotoweka siku niliyokwenda kumsalimia. Mama, nakupigia magoti, acha kitambaa cha Onesmo, ni kizuri sana. Jina langu lisitangazwe. Akiuliza nani alipamba, ni Onesmo, tangu mwanzo. Hata paka ni wa Onesmo.