Hotuba ya Mwenyekiti wa Tume ya Kuchunguza Kwa Nini Joka Limelala

Mheshimiwa Waziri wa Rafu, Rangi na Misumari, ambaye pia ni mwanangu wa kwanza na mwenye nyumba hii; Mheshimiwa Katibu Mkuu wa Jiko na Mambo ya Nje, mkwe wangu, ambaye bila yeye taifa hili lisingekunywa chai; Mkurugenzi wa Usomaji kwa Sauti, mjukuu wangu, unayejificha nyuma ya mto wa kochi kana kwamba sikuoni; Mheshimiwa Balozi wa Nyumba ya Pili, jirani yetu fundi cherehani, uliyekuja kuazima mkasi ukajikuta umeingia kikaoni; wadau wote wa kochi, viti vya plastiki na mkeka: itifaki nimeizingatia mpaka pumzi imeniisha, na niliyemsahau ajitaje mwenyewe. (Makofi. Balozi anataka kuaga, anasogezewa kiti.)

Nasimama mbele yenu alasiri hii nikiwa Mwenyekiti wa Tume Maalumu ya Kuchunguza Kwa Nini Kitabu cha Kwanza Kimetuangusha, tume yenye wajumbe kumi na wawili, kamati ndogo nne na sekretarieti yenye feni, ambayo imefanya kazi kwa weledi, uwazi na uwajibikaji kufuatia tamko la Mheshimiwa Waziri la Jumapili iliyopita, pale alipolitangazia taifa, jicho moja limefumba, kwamba vitabu vitano vya mjukuu wangu vinakula nafasi ya makopo yake ya rangi, kwamba cha kwanza tumesomewa hapa sebuleni mpaka mwisho na hakina maana yoyote, na kwamba wiki ikiisha, yaani kesho asubuhi, vyote vitano vinakwenda kwa muuza vitabu vya mitumba. (Waziri anasema hakuwa amesinzia. Kicheko.) Hukuwa umesinzia, baba, ulikuwa unatafakari kwa kukoroma.

Mjukuu wangu hakubisha. Alivifuta vumbi kimoja kimoja, akavipanga kwenye mfuko wa unga, akauweka pale mlangoni, na tangu siku hiyo mezani anajibu ndiyo na hapana tu. Kwa hiyo Tume ikaona hii si changamoto ya rafu peke yake.

Ndugu wajumbe, katika awamu ya upembuzi yakinifu, Tume iliamua kutompendelea mtu, na inatamka mbele yenu bila kumung'unya maneno kwamba kitabu kile kinachosha. Jaladani kuna joka limeachama, moto unamwagika, hata mtu asiyejua kusoma kama mimi akiliona anataka kuambiwa limekasirishwa na nani. Lakini ukifunua ndani unapokelewa na ramani yenye mito ambayo hakuna anayeivuka, halafu wafalme, huyu kamzaa yule na yule kamzaa huyu, mpaka Katibu Mkuu hapa akaenda kuosha vyombo ambavyo alikuwa ameshaviosha. (Katibu Mkuu anakubali kwa kichwa.) Baada ya wafalme anakuja binti wa mchimba visima, ambaye ndiye mwenye hadithi, naye anafunga mizigo. Anafunga mizigo sura tatu. Mimi nimehama nyumba nikiwa na mtoto mgongoni na mwingine tumboni, na sikuwahi kufunga mizigo sura tatu. Na joka lenyewe, waheshimiwa, joka tulilolisubiri kwa hamu, linatokea ukurasa wa mwisho kabisa, na limelala. (Minong'ono ya aibu kutoka mkekani.)

Takwimu za Tume, zilizokusanywa kwa mbinu shirikishi, zinaonyesha kwamba asilimia tisini na saba ya wasikilizaji walipiga miayo, na asilimia tatu iliyobaki ni mjukuu wangu, ambaye alikuwa anasoma huku anatabasamu peke yake.

Hapo Tume ilitega sikio. Nilimuuliza anacheka nini, maana binti wa mchimba visima alikuwa ndiyo kwanza anakunja shuka. Akaniambia, "Nakumbuka tu, bibi."

Alikuwa anakumbuka. Yeye ameshavisoma vyote vitano, anajua ile shuka itakuja kumfunika nani, na kila neno la kitabu cha kwanza analiona likiwa limebeba mambo ya mbele; sisi tunaona shuka. Halafu kwa mapenzi yake akatusifia vitabu vitano mwezi mzima, akaja kutusomea kimoja, na hicho kimoja kikabebeshwa sifa za wenzake wanne. Nani asingeanguka kwa mzigo huo? (Balozi anasema hata gauni halihukumiwi likiwa bado kitambaa. Makofi kwa Balozi.)

Katibu Mkuu, nisamehe, nakutaja. Kabla hujaletwa hapa, mwanangu alikusifia mpaka nikapiga deki mara mbili. Ukaja, ukakaa ukingoni mwa kiti hicho hicho, ukanywa maji, ukasema ndiyo, ukasema hapana, ukaondoka. Nilimwambia marehemu mume wangu, mtoto wetu ameleta ukuta. (Kicheko. Katibu Mkuu anamtazama Waziri.) Leo nikiumwa simtaki mwanangu, nakutaka wewe. Lakini siku ile, kama ningekuwa na haraka ya rafu, ningekurudisha ulikotoka.

Na mwandishi naye tumwonee huruma kwa mujibu wa kanuni. Alipokuwa anaandika cha kwanza hakujua kama atapewa nafasi ya kuandika cha pili, akatupia kila alichonacho, wafalme, mito, shuka na kila kitu, kama mtu anayepika kwa mara ya kwanza akamwaga viungo vyote kwenye sufuria. Alikuwa anajifunza kazi mbele za watu.

Mheshimiwa Waziri, acha kutazama dari, nakuja kwako. Kitabu changu cha kwanza ni wewe. Ulichelewa kutembea, ulichelewa kusema, na uliposema, ukasema "sitaki," ukalishikilia neno hilo mwaka mzima. Nilikuogesha maji ya baridi kwa kudhani ndiyo yanayokaza mifupa. Wadogo zako waliokufuata niliwalea vizuri kwa sababu makosa yote nilikuwa nimeshayamalizia kwako. Majirani walikutazama wakanipa pole. Lakini sikukupeleka mitumba, baba. Nilisubiri, na leo wewe ndiye fundi wa kuchomelea ambaye mtaa mzima unalala umefunga mageti yako. (Waziri anafuta macho, anasema ni kicheko.)

Kwa hiyo, chini ya uongozi wangu shupavu, ambao mimi mwenyewe nimeupima nikaukuta hauna dosari, sebule hii inaahidi kujenga Hifadhi ya Kimataifa ya Makopo ya Rangi, ya ghorofa sita na lifti, itakayozinduliwa bajeti ikiruhusu. Kwa sasa makopo yatakaa uani chini ya bati. (Makofi mazito kutoka nyuma ya mto.)

Nikisema joka, semeni litaamka. Joka? (Litaamka.) Nikisema makopo, semeni yahame. Makopo? (Yahame. Waziri peke yake amenyamaza.) Makopo, baba? (Waziri, kwa sauti ndogo: yahame.)

Kwa kumalizia, naishukuru Tume Maalumu, wajumbe wake kumi na wawili, kamati ndogo nne na sekretarieti pamoja na feni yake, kwa kazi kubwa ambayo hawakuifanya, kwa kuwa hawajawahi kuwepo. Hakuna aliyeteuliwa na hakuna aliyekaa. Nilikuwepo mimi tu na beseni langu la nguo kule uani, na mjukuu wangu, ambaye tangu Jumatatu nachomoa kitabu kutoka kwenye ule mfuko wa unga na kumwambia anisomee wakati nafua. Na ndiyo sababu mashuka yenu wiki hii yamefuliwa mara mbili. Cha pili tumekimaliza. Cha tatu tumefika katikati, na kesho asubuhi nina miadi nacho, kwa hiyo atakayekigusa kabla yangu ajiandae kunisimulia yeye, mpaka neno la mwisho. Ahsanteni kwa masikio yenu, na Balozi, mkasi uko juu ya kabati.

(Makofi. Balozi hainuki. Waziri anauliza joka limeamshwa na nani. Anaambiwa ahamishe makopo kwanza.)