Naomba Nirudishiwe Magongo Yangu

Ndugu Mkuu wa Kitengo cha Mazoezi ya Viungo,

Pole na kazi. Mimi ni yule fundi cherehani mwenye kitambi, niliyekatika kano ya goti la kushoto nikiwaonyesha vijana jinsi mpira ulivyochezwa enzi zetu. Mlinipasua vizuri, mkanishona vizuri kuliko ninavyoshona mimi. Hata hivyo, nina malalamiko.

1. Mtaalamu wako, yule dada mpole wa maneno na katili wa mikono, amenipokonya magongo. Kasema nimepona. Sikuulizwa.

2. Kupona huku kumenishusha cheo. Nikiwa na magongo, wateja walinipa pole na kwenda zao. Sasa wanaulizia suruali.

3. Hapa ndipo penye uzito. Mwendo wangu ni wa mtu anayekimbia mvua. Mke wangu huwaambia mashoga zake kwamba aliolewa na mgongo, maana ndio anaouona kila tukienda sokoni. Kwa magongo yenu nilijikokota kama konokono, naye akawa ubavuni kwangu, tukipiga soga njia nzima. Nikagundua kuwa ni mcheshi. Kumbe miaka yote hiyo vichekesho alikuwa akiuambia mgongo wangu! Juzi mtaalamu wako akaniamuru, "Mzee, sasa tembea kwa kujiachia." Nikajiachia, tukiwa njiani kurudi nyumbani. Nilipogeuka, mke wangu alikuwa kule kona ya duka la dawa, mdogo kama kifungo cha shati.

4. Kwa hiyo naomba magongo yarudishwe. Kama yamepewa mwingine, goti lilegezwe kidogo. Hilo nalo likishindikana, nipasueni la kulia, ambalo limekaa tu muda wote huu bila kazi. Mke wangu sijamshirikisha, ila najua ataafiki.

Nisalimie daktari mpasuaji na wauguzi wote wa wodini. Huyo dada naye mwambie bado namwogopa.

Wako nitembeaye bila kupenda,
Fundi wa Goti la Kushoto

Nyongeza: Mke wangu ameisoma barua hii kabla sijaitia kwenye bahasha. Amesema, "Baba Watoto, goti halina kosa. Tangu tuoane nakwambia punguza mwendo." Yuko mlangoni, ameshavaa viatu, ananingoja. Magongo mpeni mwenye shida. Barua hii, tafadhali, ipelekeni kwa daktari wa masikio.