Mpini wa Mashine ya Mke Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Bibi shamba, afisa wetu wa kilimo, ameleta mashine ya kupalilia. Gurudumu moja, kisu, mpini mrefu. Unaisukuma ukiwa umesimama wima. Kapewa mke wangu. Eti wanaopalilia ndio waanze. Nikasema mimi ndiye mkuu wa kaya. Akaniuliza mara ya mwisho nilipalilia lini. Nikakumbuka nina shughuli mahali.

Alhamisi kikundi kizima cha wakulima kinakuja kutazama. Mashine ikimfaa mke wangu, inabaki hapa msimu mzima. Ikimshinda, inakwenda kwa jirani.

Bibi shamba alimpima hadi kiwikoni, akafunga mpini mahali pake. Jioni mke wangu akapalilia mistari minne ya maharage bila kuinama. Miaka kumi na tisa anarudi shambani kashika kiuno. Leo karudi anaimba. Nilifurahi. Wivu nao ulikuwepo, nakiri.

Jumanne, 4 Machi

Mpango: Alhamisi, watu wakishafika, niipokee mashine niwaonyeshe mwanamume anavyoisukuma. Kwa hiyo, mazoezi. Mke wangu alipokwenda kisimani nikaupandisha mpini ufikie kimo changu. Nikapiga mistari miwili. Safi kabisa! Magugu yote yametoka, na maharage yote.

Kuushusha mpini, haushuki. Nikailazimisha nati inayoushika kwa spana, meno yakasagika. Nikairudisha mashine ukutani, nikajikausha.

Jumatano, 5 Machi

Mke wangu kaisukuma mikono ikiwa juu ya mabega. Mstari mmoja tu, akaiacha, akachukua jembe, akainama. Hakulalamika. Alisema labda vitu vizuri havikutengenezwa kwa watu wafupi. Afadhali angenitukana.

Nikamwambia yote, hata ya maharage. Akasema alidhani ni mbuzi wa jirani. Alikwisha kwenda kumgombeza, na jirani alikwisha kuomba radhi.

Nikaibeba mashine begani mpaka kwa fundi baiskeli. Akatupa nati, akafunga kile kibanio cha kiti cha baiskeli, cha kufungua kwa mkono. Sasa mpini unapanda na kushuka bila spana.

Alhamisi, 6 Machi

Watu tele. Mke wangu akapalilia, akaushusha mpini kwa ajili ya mama yangu, akaupandisha kwa mwalimu mrefu. Kila mwanamke akajaribu kwa kimo chake. Bibi shamba akauliza kibanio ni wazo la nani. Nikanyoosha kola. Mke wangu akasema ni la mume wake, aliyeiharibu kwanza. Wakacheka mpaka basi. Lakini alinishika mkono mbele zao, jambo ambalo alikuwa hajalifanya tangu harusi yetu.

Mashine imebaki. Zamu yangu ya kuwaonyesha niliisahau kabisa.

Jumamosi, 8 Machi

Mke wangu kamaliza palizi saa nne asubuhi. Kakaa barazani, kanyoosha miguu, hana la kufanya. Sijapata kumwona hivyo. Nampenda sana huyu mwanamke. Natamani amalize saa tatu.

Tatizo ni gurudumu la mashine, dogo mno. La baiskeli ya mke wangu lingekwenda kasi mara mbili. Na baiskeli haihitaji mpaka Jumatatu, anapokwenda kufundisha kikundi cha ng'ambo ya mto. Nimemwambia apumzike tu, asije nyuma ya nyumba. Gurudumu la baiskeli nimeshalitoa. Atafurahi sana.