Lalamiko Juu ya Komite ya Mtihani na Baridi ya Kaka Zayd

Jabe, Bujumbura
Jumanne, mwezi wa kumi na mbili

Kwa Baba mdogo Massoudi, huko Québec,

Assalaam alaykum. Natumaini karatasi hii itawakuta wazima, wewe na Mama mdogo na watoto, na theluji yenu isiwe imefika madirishani.

Baba mdogo, nianze kwa kuungama jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Kila alfajiri baada ya swala ninamwomba Mungu amsaidie kaka Zayd afaulu mtihani. Kisha namwekea Mungu sharti: aje peke yake. Asije na ujumbe, asije na mtu wa kusema neno, asije na kreti ya Fanta. Najua si adabu kumpangia Mungu safari zake, lakini ungekuwa unaishi humu ndani ungeniitikia amina.

Mimi ni Aya, yule uliyemwacha amejificha nyuma ya pazia siku ulipoondoka. Bado sijatoka sana nyuma ya pazia hilo. Watu wakijaa sebuleni sauti yangu inakwenda nisikokujua, na darasani mwalimu akiniuliza ninajibu kwa kuandika. Ndiyo maana nakuandikia. Na nakuandikia kwa Kiswahili, kwa sababu Kifaransa changu ni cha shule, na kwa Kifaransa cha shule mtu hawezi kulalamika, anaomba radhi tu.

Hali yenyewe unaijua. Zayd ana mtihani wa statistique, zile hesabu za takwimu, keshokutwa, Alhamisi. Mwaka jana ulimwangusha. Fakilte yao chuoni imesema wazi: akianguka tena, arudi nyumbani na vitabu vyake. Katika nyumba yetu hakuna aliyefika chuo kikuu baada yako ila yeye. Ndipo wewe, kwa huruma yako, ukatutumia ile vokali, ujumbe wako wa sauti wa WhatsApp, kutueleza jinsi familia za huko zinavyomsaidia mwanafunzi wakati wa mitihani ya mwisho, na jinsi zinavyomwandalia likizo ya majira ya baridi. Ulisema ale vizuri, alale, apewe moyo, na zaidi ya yote asiachwe peke yake. Kisha ajiandae kwa baridi.

Baba mdogo, vokali ile tuliisikiliza barazani, sauti imefunguliwa mpaka mwisho. Umekaa mbali muda mrefu. Umesahau kwamba watu wa hapa wakisikia mtu asiachwe peke yake, wanajua njia moja tu ya kuifanya kazi hiyo. Malalamiko yangu ni haya, kwa heshima.

La kwanza. Iliundwa komite. Komite kamili, kama ya harusi. Chai ilikuwa haijapoa, tayari yuko rais, makamu, mtu wa protokole, mtu wa vinywaji na mtu wa magari, ingawa Zayd anakwenda chuoni kwa miguu. Rais ni jirani yetu Mama Daphrose, ambaye ameozesha nusu ya Jabe na harusi anayoisimamia haijawahi kupungukiwa viti. Mimi nikafanywa katibu kwa sababu mwandiko wangu unasomeka na sibishani. Nilijaribu kusema, kwa sauti yangu hii, kwamba mtihani anaufanya mtu mmoja. Mama Daphrose akaniambia, "Na harusi je, si wanaoana watu wawili tu? Andika, mutoto." Nikaandika.

La pili. Zayd anapewa moyo. Zimepangwa zamu ili asibaki peke yake hata anapooga. Huko Darius, mtu wa vinywaji, anasimama nje ya mlango wa bafu na kumwambia akaze. Nawe unajua desturi yetu: mgeni hafungui chupa kabla mtu hajasema neno, na neno halisemwi bila kujibiwa. Zamu inayoingia inasema neno la kushukuru kwa kupokelewa. Zamu inayotoka inasema neno la kuomba njia. Zayd, kwa kuwa shughuli ni yake, anasimama na kuzijibu zote mbili. Kitabu anakifungua kati ya makofi na makofi. Jumapili alisoma ukurasa mmoja, nao ulikuwa wa yaliyomo. Mama akimwona ameshika kichwa anasema, "Wacha apumzike kidogo," kisha anawaita wengine waje kumpumzisha.

La tatu ni baridi, na hapa nakuomba ukae chini. Ulisema likizo ya majira ya baridi. Hakuna aliyeuliza kama baridi hiyo ni yenu au ni yetu. Swali lilikuwa ni nani kati yetu anaijua. Ubishi ulikuwa mrefu, mpaka Mzee Thabit, rafiki wa marehemu babu, akainua mkono: aliwahi kuharibikiwa na gari kule Bugarama, juu mlimani, akalala humo garini mpaka asubuhi. Akateuliwa palepale kuwa mkuu wa majira ya baridi. Kwa maoni yake baridi inamuua yule inayemshtukiza, kwa hiyo Zayd aanze kuizoea mapema. Walikwenda sokoni, kwenye nguo za mitumba, wakamchagulia koti la manyoya lenye kofia yake. Analivaa akisoma. Baba mdogo, hapa ni Bujumbura, joto ni lile la kabla ya mvua, mabati yanalia, na kaka yangu anatafuta wastani wa namba akiwa ndani ya manyoya. Jasho likidondoka kwenye daftari Mzee Thabit anafurahi: "Unaona? Koti iko muzuri. Baridi haitaingia." Likizo ikianza watampandisha Bugarama akapumzike kwenye baridi yenyewe, na wanaotaka kumsindikiza wameshajaza basi.

La nne. Komite yenye rais haiwezi kukaa bila sare, basi akina mama wamechagua kitenge, cha kijani. Baada ya sare likaja hema. Na mtu akiona hema na sare hawezi kufikiria statistique. Mama Nsimire wa mtaa wa Mutakura, yule aliyehamia kutoka Bukavu na haogopi mtu, alifika na masufuria yake makubwa na binti yake Joëlla. Tulimweleza kwamba hakuna harusi, kuna mtihani. Akatazama hema, akatazama sare, akamtazama Zayd ndani ya koti, akasema, "Basi kama bibi harusi hajapatikana, huyu wangu yuko tayari. Na hesabu anajua." Mimi sikutaka kuyaandika hayo. Komite ikaamuru niyaandike, ikateua na watu wa kulifuatilia jambo. Joëlla mwenyewe, maskini, alininong'oneza jikoni kwamba naye ana mtihani wiki ijayo. Nilimsihi asirudie kulisema kwa sauti.

La tano. Zayd alitoroka. Alikwenda kituo cha afya, akasema ana malaria, akakaa kwenye benchi la wagonjwa na daftari ndani ya koti. Alipata amani ya muda wa kuchemsha chai. Umesahau na hili, Baba mdogo: hapa mgonjwa anatembelewa kuliko mwanafunzi. Komite ilifika nzima, na uji. Muuguzi akawafukuza wote wasio na ugonjwa, na Zayd alipopimwa akaonekana hana kitu, akafukuzwa pamoja nao. Mama Daphrose alichukua neno pale pale kwenye ngazi, akamshukuru Mungu kwa kumponya kijana haraka namna ile.

La sita, nalo ndilo lililonishikisha kalamu. Jana komite iligundua kwamba sherehe ya kumsindikiza Zayd kwenye mtihani inaangukia asubuhi ya Alhamisi, na kwamba haiwezi kwisha kabla ya saa sita, kwa sababu ya wingi wa maneno yatakayosemwa. Mtihani unaanza saa mbili. Mtu mwingine angeisogeza sherehe. Komite imeamua kumwomba mkuu wa fakilte ausogeze mtihani. Niliagizwa niandike ombi hilo kwa Kifaransa, na mwishoni nimshukuru kwa ushirikiano wake wa siku zote, ingawa hatumjui wala yeye hatujui sisi. Nimeliandika. Ni zuri sana, hata mimi limeniogopesha, kwa sababu linaweza kukubaliwa.

Sasa ombi langu mimi. Hapa nyumbani sauti inayosikilizwa ni yako tu, labda kwa kuwa haipo. Tuma vokali nyingine, fupi. Sema komite ivunjwe. Kama kuvunjwa ni aibu, sema ihamishiwe kwa mtu asiye na mtihani. Darius hana mtihani, na mwili wa kuvumilia anao. Na kama hilo nalo ni gumu, sema kwamba huko Québec desturi imebadilika tangu juzi, kwamba wanafunzi siku hizi wanaachwa peke yao kabisa, hata chakula wanasukumiwa chini ya mlango. Watakuamini. Zayd mwenyewe hawezi kuwaambia, wanampenda mno. Asubuhi nilipompelekea maji aliniambia, "Aya, watu hawa watanipenda mpaka nianguke." Alikuwa anatabasamu, lakini mikono yake ilitetemeka, na mtu aliyevaa koti lile hatetemeki kwa baridi.

Nasikia viatu barazani. Ni vya Mama Daphrose, anaburuta kimoja. Tangu nianze kuandika, kila alipopita mtu nimekuwa nikiikalia karatasi hii, ndiyo maana kwenye picha nitakayokutumia kwa WhatsApp utaiona imekunjika. Sasa siikalii tena. Naiacha mezani, upande wenye maandishi juu.

Nakuaga kwa heshima yote mtoto anayostahili kumpa baba yake. Nisalimie Mama mdogo na mapacha, nisalimie jirani yenu anayekusaidia kuondoa theluji mlangoni, na wote huko wanaouliza habari zetu. Waambie tuko salama, na wasije.

Mimi binti yako mtiifu,
Aya
Katibu wa Komite

P.S. Naongeza hili Alhamisi jioni.

Mama Daphrose aliisoma barua yote akiwa amesimama, kisha akakaa akaisoma tena. Nilingoja kukaripiwa. Alitoka nje, akawaita wote, akawaonyesha barua ya malalamiko, akasema neno fupi kuliko yote niliyowahi kumsikia: "Twende. Tumwache mutoto asome." Hema likashushwa, na lile ombi la kusogeza mtihani halikupelekwa. Zayd akapata Jumatano nzima peke yake, mlango umefungwa, bila koti.

Leo walimsindikiza, kwa sababu kutomsindikiza hawawezi, lakini hakuna aliyefungua mdomo. Zayd akaingia. Wao wakakaa kwenye viti vyao nje, chini ya madirisha ya chumba cha mtihani, na vitenge vyao vya kijani, mikono mapajani. Baba mdogo, sijawahi kuona watu wa Jabe kimya namna ile. Ndege walisikika.

Mtihani haujafika nusu, msimamizi akatoka. Tulijua amekuja kutufukuza, Darius akaanza kukunja viti. Akauliza rais ni nani. Kisha akasema, kama mtu asiyeyaamini maneno yake, kwamba kuna mwanafunzi ndani hajaandika hata mstari. Anatazama dirisha tu. Wamemuuliza ana nini, akasema anajua watu wake wako hapo nje na hasikii sauti zao, na watu wake hawanyamazi ila kukiwa na msiba. Anataka kujua ni nani amekufa. Kama hakuna aliyekufa, msimamizi akasema, basi tafadhali ongeeni kidogo.

Wakatazamana. Hakuna aliyethubutu kuanza. Kila mmoja aliogopa kuwa yeye ndiye lalamiko. Mama akafunika uso na kitenge chake. Mama Daphrose, rais, mwanamke wa maneno, akafungua mdomo, akaufunga. Na muda ulikuwa unakwenda.

Barua hii ilikuwa mfukoni mwangu, bado haijatumwa. Nikasimama. Nilisimama mbele ya watu, Baba mdogo, nikaanza kuwasomea kutoka Assalaam alaykum. Kwenye lalamiko la kwanza Darius alicheka. Kwenye la tatu Mzee Thabit akapinga kwa nguvu kwamba koti lilikuwa jema na kosa lilikuwa la jua. Kwenye la nne Mama Nsimire akainuka kudai kwamba maneno yake yameandikwa nusu, kwamba alisema Joëlla anajua hesabu na kupika. Mama Daphrose akamwambia akae, hajapewa neno. Mtu wa protokole akasema neno anagawa yeye. Hapo wote wakaongea pamoja, na sauti yangu ikazama ndani ya zao.

Sikunyamaza. Nilipanda juu ya kiti ili nisikike, nikaendelea kusoma kwa kupiga kelele, na kutoka pale juu nikaona ndani kupitia dirishani. Zayd ameinamisha kichwa, anaandika. Anageuza ukurasa, anaandika.

Ile vokali usiitume.