Libanga la Évariste

Jumatatu, 9 Juni 2025
Siku njema kwa Likasi! Mama Mélanie, mkurugenzi wa redio ya mtaa wetu, anatafuta mchambuzi wa kipindi cha Jumapili: muziki, vitabu, maonyesho. Nani mwingine kama si mimi? Riwaya mpya aliyoniazima nimesoma kurasa arobaini, zinatosha. Ndani yake mvua nyingi mno, na hakuna hata mtu mmoja anayekula. Mchezo wa kuigiza wa parokia nao: mfalme hodari, ila taji lilimwangukia puani.

Gracien anaitaka nafasi hiyohiyo. Gracien kinyozi! Mtu anayesoma kitabu mpaka mwisho ndipo atoe maoni. Atachelewa kila wiki.

Jumatano, 11 Juni
Majaribio redioni. Nimeng'ara! Mama Mélanie alisema sharti lake ni moja: mchambuzi asiwe mtu wa kununuliwa. Nikajipiga kifua, nikaapa kwamba hakuna mwanamuziki atakayenitia mfukoni. Kisha nikausifu wimbo mpya wa Pitshou mpaka pumzi ikaniishia. Gracien alisema tu kwamba ubeti wa pili unarudia wa kwanza. Wivu huo. (Unarudia kweli.)

Na Pitshou tumeshapatana tangu jana. Mimi nimsifu, yeye anitupie libanga Jumamosi: jina langu liitwe katikati ya wimbo, kama la matajiri wa madini. Hapo hakuna kununuana. Pesa haikuonekana!

Jumamosi, 14 Juni
Tamasha la Pitshou. Baridi kali, umeme ukakatika, jenereta ikaokoa. Nilimketisha Mama Mélanie mstari wa mbele, kando yangu, ajionee ninavyojulikana. Sebene, kile kipande cha magitaa cha kuchezea, lilipopamba moto, Pitshou akaninyooshea kidole: “Évariste, papa! Weye ulitusifu ku redio, na shiye tunakuita jina, vile tulisikilizana!”

Uwanja mzima ulilipuka. Nilisimama, nikapunga mikono yote miwili, machozi yakanitoka. Sijawahi kuwa na furaha namna hii, hata siku ya ndoa. Nilipoketi, kiti cha Mama Mélanie kilikuwa kitupu. Baridi, bila shaka.

Jumapili, 15 Juni
Gracien ndiye aliyesikika redioni. Nilimwendea Mama Mélanie mbio. Akasema jibu langu alilipata jana, tena kwa spika nne. Imeniuma sana. Nafasi ile ilikuwa yangu, niliitamani kama mtoto. Tena Gracien amesema sebene lilikuwa tamu. Hata maoni yangu ameyaiba!

Jumatatu, 16 Juni
Nimeligundua kosa! Pitshou alichagua maneno vibaya, basi. Mama Mélanie anahitaji kuusikia uaminifu wangu kinywani mwa mtu mwingine. Asubuhi nimempelekea Pitshou jogoo wa mke wangu, Laure, ili Jumamosi ijayo aite mbele ya watu wote: Évariste, mtu asiyenunulika!

Amekubali. Ila amesema kwa sifa nzito hivyo jogoo peke yake hatoshi. Ninakwenda kumkamata tetea naye.